Figo ya kupandikizwa imechoka: je, dayalisisi ya tumbo inawezekana?

Swali la msomaji:

Shikamoo daktari. Mume wangu ana miaka 46, tunaishi Tanga. Mwaka 2017 alipandikizwa figo India, aliyempa ni mdogo wake wa tumbo moja. Tulikaa vizuri miaka yote, lakini tangu mwaka jana kreatini, kile kipimo cha damu cha kazi ya figo, inapanda na sasa imefika 540. Kliniki wametuambia tujiandae kurudi dayalisisi. Kabla ya kupandikizwa alisafishwa kwa mashine miezi kumi na mmoja na aliteseka sana, anasema bora afe kuliko kurudi pale. Tulipokuwa India tulipanga nyumba moja na mama aliyekuwa akijisafisha mwenyewe chumbani kwa mifuko ya maji ya tumboni. Je, mtu aliyekwisha kupandikizwa figo anaweza kufanya hivyo, au tumbo lake limeshaharibika? Na hizi dawa za kila siku, ambazo zinatumaliza, si tuziache sasa maana figo yenyewe imekufa? Bado anakojoa vizuri tu.

Jibu:

Marahaba dada. Nimesoma barua yako mara mbili, na maneno yaliyonishika ni yale ya mwisho, uliyoyaandika kama ya kupita tu: bado anakojoa vizuri. Figo inayotoa mkojo haijafa. Imechoka, tena imechoka sana, lakini kile kidogo inachofanya ndiyo mali kubwa mliyonayo sasa hivi, na karibu kila nitakachokuambia hapa kinahusu namna ya kutoipoteza.

Kwanza nikutoe hofu ya tumbo. Ndiyo, mtu aliyepandikizwa figo anaweza kusafishwa damu kwa njia ya tumbo, na kwa wengi wao tumbo halijaguswa. Watu wanaliona lile kovu refu chini ya kitovu upande mmoja, wanaamini tumbo lote lilifunguliwa. Sivyo. Ndani ya tumbo kuna utando mwembamba unaong'aa, umeyafunika matumbo na kuta za ndani kama mfuko uliofungwa. Anayepandikiza figo kwa mtu mzima kwa kawaida hafungui mfuko huo. Anausogeza kando na kuilaza figo nje yake, kwenye bonde la nyonga, karibu na mishipa mikubwa ya damu inayoelekea mguuni. Chukua shuka iliyotandikwa kitandani, pitisha mkono chini yake. Mkono upo, unaonekana umetuna, lakini haugusi kilicho juu ya shuka. Figo ya mumeo imekaa hivyo, na maji tutakayoyaweka yatakaa juu ya shuka. Hayataigusa figo wala kuibana.

Utando huohuo ndio unaogeuka kuwa chujio. Mgonjwa anawekewa mpira laini wa silikoni, unaoingia karibu na kitovu na kutokea pembeni kwenye ngozi. Aina inayotumika zaidi inaitwa mpira wa Tenckhoff, kwa jina la daktari aliyeutengeneza kule Seattle mwaka 1968. Kupitia mpira huo anaingiza lita 2 hivi za maji yenye sukari na chumvi zilizopimwa. Maji yanakaa saa nne mpaka sita, uchafu unapenya kutoka kwenye vijishipa vya utando kuingia ndani yake, na ile sukari inavuta maji yaliyozidi mwilini. Kisha anayatoa, anaweka mapya. Mara nne kwa siku kwa kawaida, na mtu mwenye mkojo mwingi kama wa mumeo mara nyingine anaanza na mara tatu. Wazo la kuyaacha maji tumboni huku mtu anaendelea na shughuli zake lilitoka kwa Popovich na Moncrief, huko Austin, Texas, mwaka 1976. Hong Kong wameifanya kuwa chaguo la kwanza kwa wagonjwa wao tangu 1985. Nalisema hili kwa sababu wapo watakaokuambia ni njia ya watu waliokosa mashine. Si kweli.

Wapo pia ambao kweli haiwafai, na daktari lazima amkague mumeo kwa mkono wake. Aliyepasuliwa matumbo mara kadhaa huenda ana makovu yaliyogandisha utando. Mwenye ngiri inabidi ishonwe kwanza, la sivyo uzito wa maji utaikuza. Kama figo ya kupandikizwa iliwahi kutolewa, inawezekana utando ulipasuka wakati huo na unahitaji muda wa kupona. Mweleze daktari kila upasuaji aliowahi kufanyiwa, hata ule wa kidole tumbo wa utotoni ambao yeye mwenyewe haukumbuki ila mama yake anaukumbuka.

Na matokeo je? Nchini Canada walifuatilia zaidi ya wagonjwa 2,000 ambao figo zao za kupandikizwa zilishindwa kati ya 1991 na 2005. Walioanza na tumbo na walioanza na mashine hawakutofautiana kwa jumla katika kuishi. Kwa hiyo mumeo akichagua tumbo hajichimbii kaburi, na akichagua mashine hali kadhalika. Kinachoamua ni mambo mengine: mkojo, dawa, muda wa kuanza, na usafi wa mikono.

Turudi kwenye mkojo. Kuna utafiti mkubwa wa Canada na Marekani uliohusisha wagonjwa 680 wa dayalisisi ya tumbo. Takwimu zake zilipochambuliwa upya mwaka 2001, ilionekana kwamba kila mililita 250 za mkojo zilizoongezeka kwa siku ziliendana na hatari ya kufa kupungua kwa asilimia 36. Mililita 250 ni kikombe kimoja cha chai, dada. Usafishaji wa tumbo wenyewe, hata ulipoongezwa, haukuonyesha faida ya namna hiyo. Figo hata ikiwa dhaifu inatoa takataka ambazo maji yetu hayazitoi vizuri, inapunguza maji mwilini usiku na mchana, na inampa mtu nafasi ya kunywa maji bila kuhesabu matone. Hii ni sababu moja ninayoipenda njia ya tumbo kwa mtu kama mumeo. Inavuta maji polepole saa zote, presha haiporomoki, na figo iliyobaki haikosi damu ghafla kama inavyoweza kutokea kwenye mashine maji yanapotolewa mengi ndani ya saa nne. Lakini nikuambie pia kwamba mkojo wa figo ya kupandikizwa huwa unapungua haraka kuliko wa figo za kuzaliwa nazo, hasa dawa zikiondolewa.

Sasa hizo dawa. Najua zinavyowamaliza. Najua familia zilizouza kiwanja kwa ajili ya takrolimusi, ile dawa ya kuuzuia mwili usiikatae figo. Hata hivyo nakuomba, msiziache kwa uamuzi wa nyumbani, hata kwa wiki moja.

Anza na prednisoloni, ambayo ni homoni ya kutengenezwa kiwandani. Mtu aliyeitumia miaka minane, tezi zake zilizokaa juu ya figo zimelala, hazitengenezi tena homoni yake ya asili kama inavyotakiwa. Ukiikata leo, kesho kutwa anaweza kuishiwa nguvu, kutapika, presha kushuka na kuanguka. Nimempokea mgonjwa wa hivyo usiku, ndugu zake wakidhani ni sumu ya figo imempanda kichwani, kumbe vidonge vya shilingi chache vilikuwa vimekatwa siku tano. Prednisoloni inashushwa kidogo kidogo, kwa wiki na miezi.

Takrolimusi na mwenzake mikofenoleti, zinazoituliza kinga ya mwili, ni habari nyingine. Zikiondolewa, mwili unaikumbuka ile figo kuwa ni ya mtu mwingine na kuishambulia. Mkojo unakauka mapema. Figo yenyewe inaweza kuvimba na kuuma, mkojo ukatoka na damu, na homa ikaja na kuondoka. Hapo kuna mtego mkubwa kwetu sisi wa pwani, kwa sababu kila homa tunaiita malaria. Mtu anapewa dawa ya malaria mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, vipimo havionyeshi kitu, na hakuna aliyemshika pale chini ya kovu kuona kama panauma. Mumeo akipata homa baada ya dawa kupunguzwa, mpimeni malaria, ndiyo, lakini semeni wazi kwamba ana figo ya kupandikizwa iliyoshindwa. Wakati mwingine inabidi figo hiyo itolewe.

Lipo na jambo la kesho yake. Mwili unaposhambulia figo unatengeneza kingamwili, yaani askari wa damu wanaoitambua figo ya mtu mwingine, na kingamwili hizo zinakaa zikisubiri figo nyingine. Mwenye nyingi anaweza kupata ndugu wa kumpa figo ya pili, damu zikaendana kwa kundi, na bado kipimo cha mwisho kikakataa. Mumeo ana miaka 46. Figo ya pili si ndoto kwake.

Upande wa pili wa mzani nao ni mzito. Dawa hizi zinapunguza kinga, na mtu mwenye mpira tumboni mwenye kinga ndogo anaweza kupata maambukizi mabaya, pamoja na kifua kikuu na fangasi. Zinapandisha sukari, na maji ya tumbo nayo yana sukari. Hakuna utafiti mmoja mkubwa uliomaliza ubishi huu, ndiyo maana hospitali mbili zinaweza kukupa mipango tofauti na kila moja ikawa na hoja. Desturi ya wengi ni kuiondoa mikofenoleti kwanza, kisha kuangalia: kama kuna ndugu wa kutoa figo ndani ya mwaka mmoja hivi, takrolimusi inabaki. Kama hakuna, inapunguzwa taratibu huku mkojo ukipimwa. Prednisoloni inakuwa ya mwisho. Mimi, kwa mgonjwa mwenye umri huu na mkojo huu, sikimbilii kuondoa. Ila akianza kupata maambukizi ya mara kwa mara nabadili mawazo siku hiyohiyo. Gharama mwambieni daktari waziwazi, msimfiche kwa aibu. Kuondoa dawa moja kwa mpango kunaweza kuwapa nafuu kubwa ya pesa bila kumhatarisha.

Kuna dawa nyingine za kuachwa leo kabla hata ya kliniki, nazo ni diklofenaki na aibuprofeni za maumivu, zile za dukani. Zinaumaliza mkojo tunaoupigania. Miti shamba vilevile, hata ikiletwa na mtu mnayemheshimu.

Muda ndio unaonitia wasiwasi zaidi katika barua yako. Kreatini 540 kwa mwanamume wa miaka 46 ni sawa na asilimia 10 au 11 tu ya kazi ya figo. Waliopandikizwa huwa wanachelewa kurudi dayalisisi kuliko watu wengine, na ninaelewa kwa nini: kurudi ni kama kukiri msiba. Wanasubiri kipimo kimoja zaidi, halafu wanaletwa usiku wakihema, mapafu yamejaa maji, tunawawekea mpira wa shingo kwa dharura na kuwaanzishia mashine, ileile waliyoapa hawatairudia. Mpira wa tumbo unataka kama wiki mbili za kupona kabla ya kutumika kwa kujiamini. Wakati huo mumeo awe bado anatembea na anakula. Kwa hiyo mazungumzo haya ni ya mwezi huu.

Nisikufiche ugumu wa nyumbani kwetu. Vituo vingi vya dayalisisi Tanzania ni vya mashine, na mifuko ya maji ya tumbo inatoka nje ya nchi. Utasikia hospitali ya KCMC, Moshi, wamewahi kuokoa watu kwa njia ya tumbo. Ni kweli, lakini ni kwa figo zilizoshindwa ghafla, mtoto au mama anasafishwa siku chache figo zikaamka. Ninyi mnahitaji ya miaka. Mifuko minne ya lita 2 ni lita 8 kwa siku, lita 240 kwa mwezi, karibu robo tani ya maboksi inayoingia kwako kila mwezi na kutaka chumba kikavu. Kabla hajapanda kitanda cha upasuaji pateni majibu ya mambo haya: mifuko ya miezi mitatu ya mwanzo inatoka wapi, nani anailipia na bima imekubali kwa maandishi au kwa mdomo tu, nani atawafundisha, na maji yakitoka machafu saa nane usiku tunampigia nani. Kituo kisichoweza kujibu hayo kina nia njema lakini hakiko tayari, na mimi nisingekubali mpira wangu uwekwe hapo. Katika hali hiyo mashine iliyo karibu na nyumbani ni salama kuliko mifuko inayokatika.

Mkipata kituo kilicho tayari, basi kazi yote iko mikononi mwenu, na nasema mikononi kwa maana yake halisi. Tanga kuna joto, feni inazunguka mchana kutwa. Wakati wa kubadilisha maji feni inazimwa, dirisha na mlango vinafungwa, kwa sababu upepo unabeba vumbi mpaka kwenye mdomo wa mpira. Barakoa kwake na kwako kama upo chumbani. Mikono inaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka, na kisha, hapa ndipo wengi wanapokosea, inakaushwa kabisa kwa taulo safi. Mkono uliolowa unabeba vijidudu kuliko mkavu. Mfuko ukitaka kupashwa moto upashwe kwa joto kavu, usitumbukizwe kwenye ndoo ya maji ya moto. Zoezi lote ni kama nusu saa. Na paka, dada, asiingie chumba hicho hata kama ni wa miaka kumi. Anapenda kuchezea na kutafuna mirija, na vijidudu vya mdomo wake vimewahi kuwaletea watu maambukizi makali ya utando. Kuoga baharini nako aache, mpaka daktari wake aseme vinginevyo.

Kila maji yanapotoka, weka mfuko juu ya gazeti. Kama unasoma herufi kupitia maji, ni salama. Kama yamekuwa kama maji ya kuoshea mchele na herufi hazisomeki, huo ni ugonjwa mpaka ithibitike vinginevyo, hata kama tumbo haliumi na hana homa. Nalisisitiza hili kwa mumeo kuliko kwa mgonjwa mwingine, kwa sababu prednisoloni inaficha homa na maumivu. Mfuko huo usimwagwe. Nendeni nao hospitali siku hiyohiyo, maji yapimwe na kuoteshwa, dawa ianze. Antibayotiki za duka la dawa zitaharibu kipimo tu. Na akipewa antibayotiki, ulizeni kuhusu dawa ya kuzuia fangasi, kwani kwa mtu wa kinga ndogo fangasi wa tumbo mara nyingi maana yake ni mpira kutolewa.

Chakula kitabadilika kinyume cha alivyozoea kwenye mashine. Maji ya tumbo yanatoka na protini kila siku, kwa hiyo samaki, mayai na kuku vinaongezwa badala ya kupunguzwa. Potasiamu mara nyingi inalegezwa, na wapo wanaorudia ndizi zao. Ila kwa sasa, kabla hajaanza, madafu ayaache mpaka potasiamu yake ijulikane, maana takrolimusi nayo inaipandisha. Choo kisimfunge hata siku mbili, kwa sababu utumbo uliojaa unausukuma mpira na maji yanagoma kutoka. Nimewahi kuitwa kuangalia mpira "uliokufa" ambao ulifufuka kwa dawa ya kulainisha choo.

Akipungukiwa damu, waombeni sindano za kuongeza damu na madini ya chuma kwanza. Kuongezewa damu ya mtu mwingine kunaleta kingamwili zilezile nilizozieleza. Ikiwa ni kuokoa maisha aongezwe bila kusita, lakini isiwe kwa sababu tu namba imeshuka kidogo. Na mkono wake asiotumia kuandikia uhifadhiwe, asitobolewe mishipa ovyo, kwa sababu siku moja tunaweza kuuhitaji kwa fistula, yaani mishipa miwili ya mkono inayounganishwa kwa upasuaji ili mashine ipate damu ya kutosha.

Hapo ndipo nataka kusema juu ya maneno yake kwamba bora afe. Usiyapite. Kaa naye, muulize ni nini hasa kilichomtesa miezi ile kumi na mmoja. Wengine ni mpira wa shingo uliokuwa ukiota usaha. Wengine ni presha kushuka na misuli kubana kila kipindi. Wengine ni nauli na kusimama barabarani saa kumi alfajiri. Kila moja ya hayo lina dawa yake, na mwenye fistula nzuri na mkojo wa kutosha hupitia mashine tofauti kabisa na mwenye mpira wa dharura. Njia ya tumbo mara nyingi haidumu milele. Baada ya miaka kadhaa utando unachoka, au maambukizi yanalazimisha kubadili. Asiingie huko akiamini kwamba nyuma yake hakuna mlango. Kama maneno hayo yanaendelea, halali, haongei na watu, mwambie daktari wake mbele yake au pembeni. Nalo ni sehemu ya ugonjwa, linatibika.

Na yule mdogo wake. Hukuniuliza, lakini nadhani naye yupo sebuleni hapo akijilaumu, au akijiuliza kama figo yake ilikuwa mbovu. Mwambieni kwamba figo yake ilimpa kaka yake miaka ya kazi, ya kulea watoto na ya kulala nyumbani kwake, na kwamba hata leo bado inatoa mkojo. Yeye mwenyewe ana figo moja tu: apime presha, mkojo na kreatini kila mwaka bila kukosa.

Kabla ya kliniki, fanyeni hivi. Tafuta dumu safi la lita tano. Kesho asubuhi akiamka, mkojo wa kwanza aumwage chooni na muandike saa. Kuanzia hapo kila tone liingie kwenye dumu, mchana na usiku, mpaka asubuhi inayofuata saa ileile, na huo wa asubuhi nao uingie. Pimeni ni lita ngapi, andikeni kwenye karatasi pamoja na presha, uzito wake, na dawa zote kwa majina na miligramu. Dumu liwekwe mahali pa baridi na mlibebe mpelekapo karatasi, maabara itapima ndani yake figo inasafisha kiasi gani.

Daktari akisema tuanze, mwonyesheni namba hiyo kwanza, halafu ndipo mwongee habari za tumbo na mashine.